Babu Alikuwa Nani Hasa? Mwongozo Kamili wa Kumtambua Mhenga Mwenye Utata Nchini Uganda

Wengi wanaomtafuta mhenga wao hapa Uganda hukwama palepale. Wanalo jina, tuseme Yozefu Kato. Wanakwenda parokiani, wanamkuta Yozefu Kato kitabuni, wanapiga picha, na kabla ya jua kuzama ukoo mzima kwenye WhatsApp umeshapewa babu. Baadaye anajitokeza Yozefu Kato wa pili, parokia ileile, miaka ileile, baba mwingine.

Shida haiko kwenye kitabu. Kato ni jina la kila pacha mdogo wa kiume katika Buganda, na Yozefu alipewa na padri. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalokuambia alizaliwa nyumba gani. Kwa hiyo hapa hatufuati jina. Tunamfuata mtu: mahali alipokuwa, mwaka aliokuwepo, na watu waliomzunguka. Jina linakuja mwisho, kama kithibitisho.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari gumu moja kwa ajili ya kazi hii tu, na penseli mbili. Vyumba vingi vya kumbukumbu haviruhusu kalamu ya wino karibu na karatasi za zamani.
- Simu yenye kamera nzuri na kinasa sauti, pamoja na pawabanki.
- Kitambulisho chako cha taifa, na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au kiongozi wako wa dini. Katibu wa parokia ana haki ya kukukatalia ukifika mikono mitupu.
- Nakala za karatasi zote zilizomo nyumbani. Usitembee na karatasi halisi kwenye boda.
- Mtu anayejua lugha ya eneo unalokwenda, ikiwa wewe huijui. Kiswahili kitakufikisha Bombo, Arua au Jinja mjini, lakini mzee wa kijijini atakueleza mambo ya ndani kwa lugha yake.
- Nauli, pesa ya fotokopi na ya ada za ofisi. Kila ada uliyolipa, dai risiti na uibandike kwenye daftari, maana namba ya risiti itakusaidia kulifuatilia faili.

## Hatua ya 1: Andika swali moja

"Nataka kujua asili yetu" si swali la kufanyia kazi. Swali la kufanyia kazi linamtenga mtu mmoja na wengine wote: *Yozefu Kato aliyezikwa Busunju, mume wa Maria, aliyekuwa na kibanja karibu na kanisa, baba yake aliitwa nani, na alikuwa akiishi wapi kabla ya 1930?*

Swali lina mahali, mke, ardhi (kibanja ni shamba la mtu anayekaa kwenye ardhi ya mwingine) na kipindi. Ukimkuta Kato mwingine asiyekuwa na hata kimoja kati ya hivyo, utajua mapema kwamba si wako.

Umefanikiwa ikiwa mtu wa nje ya ukoo akilisoma swali lako anaelewa unamtafuta nani bila kukuuliza lolote.

## Hatua ya 2: Maliza vya nyumbani kwanza

Fungua masanduku. Unatafuta vyeti vya ubatizo na ndoa, tiketi za kodi, risiti za busuulu (kodi ambayo mwenye kibanja alimlipa mwenye ardhi), barua, kadi za kliniki, vitabu vya sala vilivyoandikwa majina kwenye jalada la ndani, na picha. Geuza kila picha, kwa sababu muhuri wa studio au maandishi ya penseli nyuma yake huwa na taarifa kuliko sura iliyo mbele.

Karatasi isiyo na mwaka unaweza kuikadiria kwa pesa iliyotajwa. Rupia zilitumika Uganda hadi 1920, ikafuata florini kwa muda mfupi sana, kisha shilingi kuanzia 1921. Tiketi ya kodi ya rupia inatangulia shilingi, na aliyeilipa alikuwa mwanaume mzima tayari. Kwa upande wa pili, kodi ya mtu mzima maarufu kama *graduated* ilisitishwa 2005, kwa hiyo tiketi zake nyingi bado zimo majumbani.

Onyo: tarehe ya 1 Januari kwenye kitambulisho cha mzee mara nyingi ni makadirio ya siku ya kuandikishwa. Usiihesabu kama tarehe ya kuzaliwa.

## Hatua ya 3: Zungumza na wazee, mmoja mmoja

Anza na aliye mkubwa zaidi na aliye mgonjwa zaidi. Karatasi itakusubiri, mzee hatakusubiri. Kama ukoo ni wa Buganda au majirani zake, mtangulize ssenga, yaani dada wa baba. Yeye ndiye aliyeshughulikia ndoa za watoto wa kaka zake, kwa hiyo anajua nani alioa wapi, nani alikataliwa, na kwa nini.

Usiulize "Babu alitoka wapi?" Utapewa jibu lililozoeleka kwenye misiba. Uliza mambo madogo ambayo hakuna aliyewahi kuyapangia jibu:

- Alipokasirika alitukana kwa lugha gani? Alihesabu pesa kwa lugha gani?
- Kitu gani hakukila, na aliwakataza watoto wasikile?
- Nani alimpa kibanja cha kwanza? Alifikia kwa nani siku alipowasili?
- Nani alikuja kwenye mazishi yake kutoka mbali, na walifika kwa usafiri gani?
- Wazazi wake walizikwa wapi? Kama hakuna ajuaye, kaburi la kwanza katika kiwanja hiki ni la nani?

Swali la mwiko lina uzito wake. Mhamiaji aliyejiunga na ukoo mpya aliweza kubadili jina, lakini mara nyingi aliendelea kuheshimu mwiko wa kwao kimyakimya. Hata hivyo, mwiko peke yake hautoshi. Ngabi, yaani pongo, ni mwiko wa ukoo wa Ngabi huko Buganda, na pia ni mwiko wa Babiito, ukoo wa kifalme wa Bunyoro. Mwiko mmoja si ukoo mmoja.

Kama mhenga anahesabiwa kuwa Mganda, mwombe mzee *alanye*, yaani ataje mstari wake: baba, babu, kisha matawi ya ukoo kutoka dogo hadi kubwa, luggya, lunyiriri, mutuba, ssiga, hadi kasolya, yaani mkuu wa ukoo. Aliyezaliwa ndani ya ukoo huwa na ngazi zote. Mstari ukikatika ghafla kwa babu, kisha ukarukia jina la mkuu wa ukoo, weka alama hapo. Huenda ni kusahau tu, huenda pia mtu huyo alipokelewa.

### Mitego mitatu ya maneno ya wazee

Jajja si babu peke yake. Neno hilo hubeba babu, bibi, ndugu zao, na wahenga wa vizazi vya nyuma. Kila ukilisikia, uliza: "Aliyemzaa baba yako, au ndugu yake?" Vivyo hivyo "baba" anaweza kuwa baba mkubwa au baba mdogo.

Mrithi huchukua nafasi ya marehemu. Katika kumaliza matanga, *okwabya olumbe*, husimikwa *omusika*, na kuanzia siku hiyo watu humwita kwa cheo cha aliyefariki. Hadithi za watu wawili huungana kuwa za mtu mmoja aliyeishi miaka mia na ishirini. Ukiona mhenga ana maisha marefu kupita kiasi, tafuta mrithi ndani yake.

Ssalongo na Nnalongo si majina. Ni vyeo vya baba na mama wa mapacha.

### Kupata miaka bila kuuliza miaka

Funga kumbukumbu kwenye tukio linalojulikana: Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, wafalme, kukamatwa 1899, ugonjwa wa malale kando ya ziwa, ulioanza kuua watu kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1900, vita vya 1914 hadi 1918 na homa kuu ya 1918, kifo cha Kabaka (mfalme wa Buganda) Chwa 1939, Mutesa wa Pili kupelekwa uhamishoni 1953 na kurudi 1955, uhuru wa Oktoba 1962. Uliza: "Kabaka aliporudi, baba yako alikuwa shule, ameoa, au bado ananyonya?" Jibu la namna hiyo hukosea kwa miaka mitatu minne. La "alizaliwa 1910" laweza kukosea kwa kumi na tano.

Onyo zito: kuna familia zilizoficha asili kwa sababu. Babu aliletwa kama mateka, bibi alinunuliwa, au mtu alikuja kutoka Rwanda kutafuta kazi akaogopa kunyang'anywa kibanja. Mambo haya usiyaulize mbele ya kikao cha ukoo, na usiyatume kwenye kundi la WhatsApp. Penye mgogoro wa ardhi, neno moja la "walikuja" linaweza kumfukuzisha mtu kwenye shamba alilozaliwa.

Umefanikiwa ikiwa una masimulizi ya watu wasiopungua watatu waliohojiwa mbalimbali, na umeandika waziwazi wanapopingana. Usiwapatanishe bado.

## Hatua ya 4: Lichambue jina kabla ya kulitafuta

Mtindo wa watoto wote kubeba jina la baba ni wa juzi, uliletwa na shule na fomu za serikali. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja waliweza kuwa na majina yasiyofanana hata herufi. Usikatae rekodi kwa sababu majina hayafanani, wala usiikubali kwa sababu yanafanana.

Jina la dini linakuelekeza mlango wa kubisha. Kwa Kiganda, Wakatoliki waliandika Yozefu na Yowana, Waprotestanti wakaandika Yusufu na Yokana. Apolo, Semei na Erisa mara nyingi ni watu wa Namirembe, kwa Waanglikana, kuliko wa Rubaga, kwa Wakatoliki. Yusufu anaweza pia kuwa Mwislamu, kwa hiyo angalia majina ya watoto wake wa kwanza. Na aliyebadili dini ana majina mawili ya dini katika vitabu viwili.

Jina la kuzaliwa linaeleza tukio. Wasswa na Kato, Babirye na Nakato ni mapacha, na Kizza huwafuatia. Kwa Waacholi na Walango ni Opio na Ocen, Apio na Acen, kisha Okello au Akello. Majina haya yanakwambia kuna ndugu wa kutafuta: Kato ana Wasswa au Babirye wake mahali fulani, na huyo pacha ni kitambulisho kizuri kuliko jina lenyewe.

Empaako kama Abwooli, Akiiki, Amooti au Adyeeri ni jina la heshima la Watooro na Wanyoro. Halirithiwi. Linakuonyesha upande wa nchi, basi.

Jina la ukoo ndilo la kushikilia. Katika Buganda majina mengi ni mali ya ukoo mmoja. Wapelekee wazee wa ukoo wakuambie ni la kwao au la.

Kisha andika kila namna ambayo jina lingeweza kuandikwa. Tahajia ya Kiganda ilisawazishwa 1947, na kabla ya hapo kila misheni iliandika kivyake. Ssebagala utamkuta kama Sebagala au Sebagara. Badilisha *l* na *r*, *ky* na *ch*, *gy* na *j*, *k* na *g*. Badiliko hili la mwisho si dogo: pacha mdogo kwa Kinyarwanda huitwa Gato, na akifika Buganda huyo ni Kato kabla hajatua mzigo.

## Hatua ya 5: Jua nani alitawala mahali hapo mwaka huo

Watu hutafuta miezi katika ofisi ambayo haijawahi kuwa na rekodi za eneo lao. Kagua haya:

- Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliofika Kisumu na Naivasha, ulihamishiwa upande wa Kenya 1902. Babu "wa Uganda" wa 1900 anaweza kuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka wa leo.
- West Nile ilikuwa ndani ya Lado chini ya Wabelgiji hadi 1910, ikawa chini ya Sudan, na Arua ikaingia Uganda 1914.
- Buyaga na Bugangaizi zilitawaliwa na Buganda hadi kura ya maoni ya 1964. Mnyoro wa huko ataonekana katika karatasi za Kiganda, pengine kwa jina la Kiganda.
- Bufumbira, yaani Kisoro ya leo, ni Uganda. Jina la Kinyarwanda halimaanishi moja kwa moja kwamba mtu alitoka Rwanda.
- Wilaya nyingi za leo ni mpya. Mityana, kwa mfano, ilikatwa kutoka Mubende 2005. Andika saza (kaunti) na gombolola (kaunti ndogo) za zamani, usiandike wilaya ya sasa peke yake.

## Hatua ya 6: Vitabu vya kanisa na vya msikiti

Hapa ndipo utapata zaidi kuliko ofisi yoyote ya serikali. Kwanza ujue nani alianzisha misheni. Waanglikana wa CMS walifika 1877, Wakatoliki wa Mapadri Weupe 1879. Mill Hill, nao Wakatoliki, walipewa upande wa mashariki miaka ya 1890, na Wakomboni wakaingia kaskazini kuanzia 1910. Parokia ya leo inaweza kuwa changa kuliko babu yako. Uliza imezaliwa na parokia gani, kisha nenda kwenye hiyo parokia mama. Kumbukumbu za kale za Kanisa la Uganda ziko Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono. Mapadri Weupe waliandika pia shajara za kila kituo, na hizo zimehifadhiwa Roma.

Rekodi ya Kikatoliki iko kwa Kilatini. Huu ni mfano wa kubuni, lakini mpangilio ndio huo utakaoukuta:

*N. 412. Die 16 Aprilis 1927 baptizavi Josephum Kato, adultum annorum circiter 24, filium Rwabigwi pagani et Nyiramana paganae, ex Busunju. Patrinus fuit Matthias Sebagala.*

Maana yake: tarehe 16 Aprili 1927 nimembatiza Yozefu Kato, mtu mzima wa miaka kama 24, mwana wa Rwabigwi na Nyiramana wasio Wakristo, wa Busunju, msimamizi wake Matia Sebagala.

Sasa soma kile ambacho wengi hukipita. *Circiter* ni "kama", kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa 1903 ni makadirio ya padri. *Adultum* inakuambia mengi: Mapadri Weupe waliwafundisha wakatekumeni kwa miaka minne hivi, kwa hiyo yaelekea huyu alikuwa ameshaanza mafundisho karibu na 1923, pengine palepale. Tarehe ni Jumamosi Kuu. Kesho yake ilikuwa Pasaka. Watu wazima walibatizwa kwa makundi siku kama hizo, na waliobatizwa naye walikaa darasa moja, mara nyingi wakitoka kijiji kimoja au safari moja. *Nyira-* mwanzoni mwa jina la mama inaelekeza Rwanda au Bufumbira.

Kwa hiyo usipige picha ya mstari mmoja. Piga ukurasa mzima, na soma watu kumi juu na kumi chini. Kisha mtafute msimamizi. Mhamiaji asiye na ndugu alisimamiwa na mwenyeji aliyempokea, au na mtu wa kwao aliyetangulia. Mara nyingi wajukuu wa Sebagala ndio wenye hadithi ambayo wajukuu wa Kato hawana.

Mwisho, angalia pambizo. Kanisa Katoliki hurudi kwenye mstari wa ubatizo kuandika kipaimara na ndoa. Ukikuta *matrimonium contraxit cum Maria*, pamoja na mahali na tarehe, na mke wako wa swali la kwanza ni Maria, umeshika kitu. Kama pambizo linasema ameoa mwingine, parokia nyingine, mwaka uleule, huyo si wako hata kama moyo unataka.

Maneno mengine utakayokutana nayo: *natus*, alizaliwa, *filia*, binti, *uxor*, mke, *matrina*, msimamizi wa kike, *in periculo mortis*, katika hatari ya kifo, *obiit*, alikufa. Josephus ni Yozefu, Joannes ni Yowana, Jacobus ni Yakobo.

Kwa Waislamu, anza na imamu na kadhi wa eneo. Sheria ya kuandikisha ndoa za Kiislamu ipo tangu 1906, ingawa ndoa nyingi hazikupelekwa kuandikishwa. Hapo zingatia walii na mashahidi, kwa sababu ileile ya msimamizi wa ubatizo. Kwa familia za Wanubi wa Bombo na kwingineko, uliza pia babu alikuja na kikosi gani na chini ya afisa gani. Jeshi ndilo lililowahamisha, na majina ya vituo vya jeshi ndiyo ramani yao.

Onyo: usimwombe katibu "niangalizie Kato". Atakupa Kato wa kwanza. Omba kitabu cha miaka mitano, kaa pale, na uorodheshe kila Kato aliyemo. Ndiyo, wote.

## Hatua ya 7: Ardhi, mirathi, jeshi

Ardhi. Mkataba wa 1900 kati ya Uingereza na Buganda ulizaa mailo, yaani ardhi ya kumilikiwa kwa hati, na kila hati ya mailo ina namba ya bloku na ploti. Ukiwa nazo, ofisi ya ardhi ya kanda inaweza kukupa historia ya umiliki. Lakini wenye bibanja hawamo katika daftari la mailo. Kama babu alikuwa mhamiaji, karibu kila mara alikuwa mwenye kibanja, na jina lake liko kwenye risiti za busuulu za mwenye ardhi. Watafute wajukuu wa mwenye mailo, uwaombe vitabu vyao vya risiti. Nenda kwa adabu na ueleze mapema kwamba hudai ardhi. Wasipoamini hilo, sanduku halitafunguliwa.

Mirathi. Mtu akifa na mali, faili katika ofisi ya Msimamizi Mkuu wa mirathi au mahakamani huorodhesha wajane, watoto na mrithi. Faili la mtoto wake aliyekufa miaka ya 1970 linaweza kumtaja babu vizuri kuliko karatasi yoyote ya enzi yake.

Kumbukumbu za serikali. Hifadhi ya taifa iko Wandegeya, Kampala. Za Kabarole ziko Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, Fort Portal. Humo tafuta kesi za mahakama za wenyeji na barua za masaza, hasa kama babu aliwahi kuwa chifu, mwalimu, askari polisi au mshtakiwa. Mkulima wa kawaida haonekani sana humo. Sensa usipoteze muda nazo, kwani zinakupa idadi ya watu, si majina.

Jeshi. Kwa aliyekufa akiwa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola hutafutwa bure na hutoa namba ya askari, kikosi na siku ya kifo. Tume hiyo yenyewe ilikiri 2021 kwamba Waafrika wengi wa vita vya kwanza, hasa wapagazi, hawakuandikwa majina. Kutomkuta humo si ushahidi kwamba hakwenda vitani.

## Hatua ya 8: Weka wagombea mezani

Sasa una akina Kato wanne, pengine sita. Chora jedwali, mstari mmoja kwa kila mmoja, na safu hizi: mwaka, mahali, jina kama lilivyoandikwa, wazazi, mke, watu waliokuwa naye, chanzo. Usimjaze mmoja kwa taarifa za mwingine. Pengo liache wazi.

Kisha jaribu kumwondoa kila mmoja. Alikufa akiwa mtoto? Toka. Ameoa mwingine kwingine? Toka. Alikuwa na miaka minane babu alipozaa mtoto wa kwanza? Toka. Fanya hivyo hata kwa yule unayempenda, yeye zaidi ya wote. Anayebaki ndiye unayempeleka kwenye mtihani wa mwisho: je, watu wanaomzunguka kwenye karatasi, yaani msimamizi, mashahidi, jirani, ndio wanaotajwa na wazee wa Hatua ya 3?

Hesabu vyanzo kwa haki. Maandishi ya kaburi, kitambulisho cha mjukuu na kijitabu cha mazishi vikisema kitu kimoja, hivyo si vyanzo vitatu. Vyote vimenakili mdomo mmoja. Kitabu cha ubatizo cha 1927, risiti ya busuulu iliyoko kwa mwenye ardhi, na simulizi ya mjukuu wa msimamizi ni vitatu, kwa sababu hakuna aliyemnakili mwenzake.

Umefanikiwa ikiwa mgombea mmoja amebaki, vyanzo visivyotegemeana vinamuunga mkono, na kila kinachompinga umekitafutia maelezo. Wakibaki wawili, hujashindwa. Rudi kwa mapacha, ndugu na wasimamizi wao. Karatasi za ndugu mara nyingi hutenganisha kile ambacho karatasi za mhusika zimeshindwa.

## Hatua ya 9: DNA, ikibidi

Kipimo hakikupi jina la babu. Kinajibu swali moja tu: je, sisi na familia ile ni damu moja? Kwa hiyo hakina faida kabla ya Hatua ya 8, maana Waganda, Wanyoro na Wanyarwanda waliopimwa na kuwekwa kwenye hifadhi za kampuni ni wachache. Ni lazima ujue umpime nani.

Kwa mstari wa kiume, linganisha kromosomu Y ya mwanaume wa kwenu na ya mwanaume wa familia ya mgombea, wote waliotoka kwa baba hadi baba. Ikifanana, mnashiriki baba wa zamani, lakini haitasema kama Kato au kaka yake ndiye aliyewazaa. Kwa kipimo cha kawaida, watoto wa ndugu wawili hushiriki wastani wa sentimogani (kipimo cha DNA mnayoshiriki) 850 hivi, na wajukuu wa ndugu wawili kama 230. Mpime mkubwa kabisa aliye hai, kwa sababu kila kizazi hupunguza kinachoonekana.

Pata idhini ya kila mmoja kwanza, na umwambie wazi kwamba kipimo kinaweza kuonyesha baba asiyetarajiwa hata katika kizazi cha karibu. Asiyetaka, mwache.

## Hatua ya 10: Andika ulichokipata

Ukurasa mmoja au miwili unatosha. Andika swali, jibu, ushahidi, na ushahidi unaopinga. Tumia ngazi tatu: *imethibitika*, *inaelekea*, *inawezekana*. Kila sentensi ipewe moja. "Yozefu Kato wa Busunju alibatizwa 1927, imethibitika. Ni mwana wa Rwabigwi, inaelekea. Rwabigwi alitoka Bufumbira, inawezekana."

Ambatanisha orodha ya mahali ulipotafuta usipate kitu: parokia, vitabu, miaka, na kurasa zilizoliwa na mchwa. Hiyo ndiyo watakayoanza nayo wanaokuja baada yako. Nakala moja mpe mzee aliyekusaidia zaidi, ikiwa imechapwa kwa herufi kubwa, moja mwachie katibu wa parokia, na moja ibaki nje ya nyumba yako.